“S” ya “Congratulations” Si “-ni” ya Hongereni

Kwa Kiswahili mtu mmoja anaambiwa hongera. Wakiwa wawili au ukumbi mzima, hongereni. Asante huwa asanteni, pole huwa poleni, karibu huwa karibuni, na ukiwakuta wazee wamekaa barazani, shikamoo huwa shikamooni. Tumezoea tangu utotoni kwamba maneno ya heri hubadilika mkia kufuata idadi ya watu tunaowaambia. Kisha tunakutana na “congratulations”. Shuleni tulifundishwa kwamba “s” ni alama ya wingi, mhitimu wetu ni mmoja, basi “s” inakatwa. Ndivyo inavyozaliwa “Congratulation Neema” ya krimu ya bluu juu ya keki ya mahafali, inapigwa picha, inazungushwa kwenye magrupu yote ya ukoo.

Hesabu imefanywa vizuri, ila kimehesabiwa kitu kingine. “-ni” yetu inahesabu wanaopokea. “S” ya Kiingereza inahesabu kinachotolewa, na pongezi kwa Kiingereza hutolewa kwa wingi hata kama mpokeaji ni mtoto mmoja wa chekechea. Ukilishika hilo, nusu ya makosa ya kadi, mabango, barua pepe na risala yanaisha. Nusu iliyobaki ina vituko vyake.

Jaribio la “zangu”

Huna haja ya kukariri orodha ndefu, maana kipimo umezaliwa nacho. Chukua neno la Kiswahili la kile unachokitoa, ulitamke pamoja na “-angu” au “-etu” kama unavyolisema siku zote. Ukijikuta umesema “zangu”, Kiingereza kwa kawaida kinataka “s”. Ukijikuta umesema “yangu” au “wangu”, “s” haipo.

Tunasema pongezi zangu zikufikie: “congratulations”. Shukrani zangu za dhati: “thanks”. Salamu zangu kwa mama: “regards”, na zikiwa za sikukuu, “greetings”. Rambirambi zetu kwa familia: “condolences”. Dua zetu: “prayers”. Upande wa pili, bahati yangu ni “luck”, huruma yangu ni “sympathy”, upendo wangu ni “love”. Ndiyo maana kadi husema “Good luck” na “Lots of love”, na hutaona “good lucks” wala “lots of loves”. Neno tamu kuliko yote katika jaribio hili ni heshima, kwa sababu linakwenda njia zote mbili na lugha mbili zinakubaliana: heshima yangu kwako ni “my respect for you”, ila marehemu anapewa heshima za mwisho, nazo ni “last respects”.

Zipo sehemu ambazo kipimo kinakwama, afadhali uzijue mapema. Mafanikio kwa Kiswahili ni wingi mtupu, hakuna fanikio moja mtu analomtakia mwenzake. Kwa Kiingereza ni “success”, umoja. Kadi zinazouzwa Kenya kila msimu wa mitihani ya taifa huitwa “success cards”, na wingi umekaa kwenye “cards” peke yake. Ndani yake andika “I wish you success in your exams”. Neno “successes” lipo, lakini linahesabu matukio, kama timu iliyoshinda mara 3. Halitumiki kumtakia mtu heri.

Baraka nazo zina mtego. Za kuombewa hubeba “s”: “God's blessings”. Lakini wazazi wakiridhia ndoa, Kiingereza kinasema “they gave their blessing”, bila “s”, maana hapo neno limeshageuka kuwa ridhaa. Na safari njema ni “Safe journey” au “Safe trip”, ilhali mwenzake “Safe travels” hubeba “s” daima. Hapo usitafute mantiki, shika tu kwamba “journey” haina na “travels” inayo. Makanisani Kenya utasikia watu wakitakiana “journey mercies”, yenye wingi kwenye “mercies”. Kwa wenyeji inaeleweka vizuri, ila ukimwandikia Mwingereza asiye mtu wa kanisa, “Safe journey” inatosha.

Wasomaji wa Kongo na Burundi waliosoma kwa Kifaransa wana nafuu kidogo: “félicitations” na “condoléances” nazo hubeba “s” bila kujali wanaoambiwa ni wangapi.

“Congratulations” na mahali “-ni” inapokwenda

Likisimama lenyewe kama tamko, neno hili lina “s” kila siku. Kifupi chake “congrats” pia kina “s”. “Congrat” si neno. Umoja “congratulation” upo kwenye kamusi, lakini kazi yake ni nyembamba: kutaja tendo la kupongeza, hasa baada ya “of”, kama “a letter of congratulation” au “a message of congratulation”. Hata hapo wengi huandika “congratulations” na hawakosei. Kwa hiyo kama unamwandikia mtu moja kwa moja, umoja huuhitaji kabisa.

Kinachofuata baada yake ni “on”: “Congratulations on your promotion”, “Congratulations on your new baby”. Kikifuata kitenzi, kinapewa “-ing”: “Congratulations on passing your exams”. Afrika Mashariki tunapenda “upon”, ambayo si kosa, ina suti na tai tu. “For” ndiyo inayochungulia kutoka kwenye Kiswahili chetu, hongera kwa kufaulu. Msomaji ataelewa, ila ataona umetafsiri.

Sasa, ikiwa “s” haihesabu watu, hongereni utaisemaje? Kiingereza cha leo kinatumia “you” hiyo hiyo kwa wewe na kwa ninyi, hivyo idadi inabidi itajwe kwa maneno ya pembeni. Kwa maharusi: “Congratulations to you both”. Kwa darasa zima: “Congratulations to you all” au “Congratulations to all of you”. Kwa bango la shule: “Congratulations to our graduates”. “-ni” yetu imehamia kwenye “both”, “all” na “everyone”. Mkondo huu huu unafaa kwa mengine yote: poleni ni “I'm sorry, all of you”, asanteni ni “Thank you all”, karibuni ni “Welcome, everyone”. Hakuna “welcomes” ya kuwakaribisha watu wengi.

Angalia pia kitu unachokitaja baada ya “on”. Maharusi ni wawili lakini harusi ni moja, kwa hiyo “on your wedding”. Wanafunzi 40 wamefanya sherehe moja, “on your graduation”, ila matokeo yao ni “on your results”. Mapacha wakitimiza mwaka, siku ni moja: “Happy birthday to you both”, wala si “Happy birthdays”. Wanandoa wanaoadhimisha miaka 10 wanaambiwa “Happy anniversary”, maana wameoana mara moja.

Kiingereza nacho zamani kilikuwa na wewe na ninyi. “Thou” ilikuwa ya mtu mmoja, “ye” ya wengi, na baadaye “ye” ikawa pia ya mtu mmoja anayeheshimiwa, jambo ambalo mtu yeyote aliyekuzwa na shikamoo ataliona la kawaida. Masalia ya “ye” yamo ndani ya neno tunalolitamka kila siku: “goodbye” ni mkunjo wa “God be with ye”, Mungu awe nanyi. Maana yake Mwingereza anayemuaga mtu mmoja stendi anamwambia kwaherini bila kujua.

“Thanks” na “thank you” ni mashine mbili

Makosa mengi ya shukrani hutokea watu wanapochanganya vipuri vya mashine hizi. “Thank you” ni sentensi iliyokatwa kichwa: “I thank you”, nakushukuru. Ndani yake “thank” ni kitenzi na “you” ndiye anayeshukuriwa. “Thanks” ni nomino, shukrani, na haina umoja: hakuna “a thank”. Vipuri vikichanganyika unapata “Thanks you”, “Thank for coming” na ile maarufu kuliko zote, “Thanks God”.

Namna ya kuamua ni kutazama neno linalofuata. Akifuata anayeshukuriwa, tumia kitenzi, bila “s”: “Thank you all”, “Thank God”, “Thank your mother for me”. Likifuata “for”, “to”, “a lot” au kituo kikubwa, tumia nomino, yenye “s”: “Thanks for coming”, “Thanks to your help”, “Thanks a lot”, “Thanks.” Ukitaka kuzidisha, sema “Many thanks”, si “Much thanks”, kwa sababu “thanks” ni wingi. “Very much” hukaa nyuma ya zote mbili: “Thank you very much”, “Thanks very much”. “A thousand thanks” inasemwa, lakini hesabu ndogo haisemwi: huwezi kumpa mtu “three thanks”.

Kitenzi kinachofuata “thanks” nacho kiwe cha wingi. “My special thanks go to my supervisor”, na “Thanks are due to the ward office”. Kurasa za shukrani katika tasnifu za vyuo vyetu zimejaa “my special thanks goes to”. Sababu yake inaonekana: msimamizi ni mmoja, basi mwandishi anarudia ile hesabu ya wapokeaji, safari hii kwenye kitenzi. Na katika Kiingereza “s” ya kitenzi inafanya kazi kinyume na ya nomino: nomino ikivaa “s” ni nyingi, kitenzi kikivaa “s” mtendaji ni mmoja. Kwa kawaida “s” moja inakaa upande mmoja tu. “Thanks go”, “gratitude goes”. Ukiona zote mbili zimevaa, “thanks goes”, kuna mmoja amevaa nguo ya mwenzake.

Kichwa cha ukurasa huo kwa kawaida ni “Acknowledgements”, wingi, kwa kuwa wanaoshukuriwa ni wengi na shukrani ni nyingi. Waingereza huiweka “e” baada ya “g”, Wamarekani huitoa na kuandika “Acknowledgments”. Chagua mojawapo na ubaki nayo kazi nzima.

Mwisho wa mkutano mtu anapewa nafasi ya kutoa “a vote of thanks”. Neno la ndani halivui “s” ingawa anayeongea ni mmoja na shukrani yake ya dakika 2. Zikiwa mbili, ni “votes of thanks”. Na “thank you” ikigeuzwa nomino huunganishwa kwa kistari: “a thank-you card”, na watoto wakiambiwa wakaage na kushukuru, “say your thank-yous”.

Msibani

Hapa kosa linauma zaidi kwa sababu anayelisoma hana hali ya kucheka. “Condolences” ni wingi unapozitoa: “My condolences”, “Please accept our deepest condolences”. Umoja “condolence” hubaki katika “a letter of condolence”, na pale neno linapokaa mbele ya jingine kulieleza: “condolence message”, “condolence book”. Hiyo ni tabia ya Kiingereza kwa jumla, neno likisimama mbele kama kivumishi huvua “s”, lakini si sheria ya chuma. “Congratulations card” inakataa kuvua, na kadi ya salamu Waingereza huiita “greetings card” wakati Wamarekani huiita “greeting card”.

“Sympathy” inakubali pande mbili. Kwenye kadi, “With deepest sympathy”, umoja. Katika sentensi, “Our sympathies are with the family” ni sawa, na “Our sympathy goes to the family” pia ni sawa. Tazama kitenzi kinavyobadilika.

Chukua ujumbe mmoja mfupi, anayeandikiwa ni mjane, waandikaji ni ofisi nzima: “We are deeply sorry for your loss. Please accept our heartfelt condolences. Our thoughts and prayers are with you and your family.” “Loss” ni umoja na inaishia “ss”, wengi huandika “lost”, ambayo ni kitenzi, na ujumbe unaharibika palepale mwanzoni. “Condolences” ina “s” ingawa mjane ni mmoja. “Thoughts and prayers” ni wingi na inafuatwa na “are”. Sasa mwandishi akiwa mmoja, badilisha: “We are” iwe “I am”, na “our” iwe “my” mahali pote. Hakuna “s” hata moja inayoondoka. Hilo ndilo zoezi zuri la kujipima: geuza mwandishi, geuza mwandikiwa, na nomino zikae vilevile.

Kuna neno moja linalovunja utaratibu huo, nalo ni moyo. “My heart goes out to you”, ila “Our hearts go out to you”. Vivyo hivyo “from the bottom of my heart” na “from the bottom of our hearts”. Hapa “s” inahesabu watu kweli, na ni wale wanaotoa, kwa sababu kila mmoja ana moyo wake.

Rambirambi kwetu pia ni fedha. Kamati inatangaza rambirambi ya shilingi 50,000 na kila mtu anaelewa. “Condolences” haibebi maana hiyo. Ukiandika “I have sent condolences of 50,000”, msomaji wa nje ataganda. Sema “condolence money” au “a contribution towards the funeral expenses”.

Pole yenyewe ni pana kuliko neno lolote la Kiingereza. Ya msiba ni “I'm so sorry for your loss”. Ya ugonjwa ni “I'm sorry to hear you're unwell” au “Get well soon”. Pole na kazi haina mwenzake. “Sorry for the work” kwa Mwingereza ni kama unakiri kwamba wewe ndiye uliyempa hiyo kazi. Na “sorry” ni kivumishi, haina wingi hata ukiwaambia watu mia.

Mwisho wa barua: “regards”

“Best regards”, “Kind regards”, “Warm regards”: zote kwa “s”, herufi kubwa kwenye neno la kwanza tu, kisha mkato, kisha jina lako mstari wa chini. “Best regard” haipo. Salamu za kupeleka kwa mtu: “Give my regards to your mother” au “Pass on my regards”. Kenya husemwa “pass my regards”. Ukiongeza “on” inakubalika kila mahali.

Mkanganyiko unatoka kwa ndugu yake wa ofisini. “With regard to your letter”, kuhusu barua yako, haina “s”, na “in regard to” pia haina. “As regards your letter” inayo, kwa kuwa pale “regards” ni kitenzi. Watu wengi, Waingereza wenyewe wakiwemo, huandika “with regards to”, na wahariri wengi huikata. Njia fupi ya kukwepa ugomvi wote ni “about your letter” au “regarding your letter”.

“Yours sincerely” na “Yours faithfully” zina “s” ambayo haihusiani na wingi. Ni “yako” tu, na haiwekewi ritifaa, ile alama tunayoiweka kwenye ng'ombe: “Your's” ni kosa kila mara. Kwa utaratibu wa Kiingereza cha Uingereza, barua iliyoanza “Dear Sir” inafungwa kwa “faithfully”, iliyoanza kwa jina la mtu inafungwa kwa “sincerely”.

“Wish” ya kitenzi na “wishes” ya nomino

“Best wishes” ni nomino, wingi, basi. “Best wish” haitumiki kumtakia mtu heri. Umoja unabaki kwa anayezima mishumaa, “make a wish”. Kila la heri ni “All the best”, na hapo hakuna “s” popote.

Tatizo linakuja na kadi za kampuni mwezi wa Desemba. “The Management wishes you a happy New Year” ni sahihi: mtendaji mmoja, kitenzi kimevaa “s”. Akiongezwa mwingine, “s” inavuliwa: “The Management and Staff wish you a happy New Year”. Kadi nyingi huongeza “and Staff” na kusahau kuvua. Mabango ya barabarani yana mtego uleule: “Our town welcomes you”, lakini “The people of our town welcome you”. Na Mungu ana kanuni yake. “God bless you” ni dua, Mungu akubariki, kwa hiyo haina “s”. “God blesses you” ni habari, Mungu hukubariki, na mtu aliyepiga chafya haihitaji.

Tazama pia kijineno “a”. Tamko lenyewe halikihitaji: “Happy New Year”, “Happy birthday”. Likitanguliwa na “wish you”, kinaingia: “I wish you a happy New Year”. “I wish you happy birthday” imepungukiwa nacho, na “Have a good luck” imekizidisha, kwa sababu “luck” haihesabiki.

“Many happy returns” mara nyingi husomwa vibaya kwa kudhani ni kurudi kwa mtu. Ni siku inayorudi, mwaka hadi mwaka, tena na tena, ndiyo maana “returns” ni wingi. Umbo refu ni “Many happy returns of the day”.

Apologies

Hili ni jepesi kwa sababu linahesabika kweli. “I owe you an apology”, deni moja. Unapoomba radhi moja kwa moja, wingi ndio unaosikika vizuri: “My apologies”, “Apologies for the delay”, ingawa “Please accept my apology” nayo ni safi. Katika mihtasari ya vikao vyetu imezoeleka “absent with apology”. Waingereza huandika kichwa “Apologies for absence” na majina chini yake. Chochote utakachochagua, kisibadilike katikati ya faili.

Sikukuu na ritifaa

Ritifaa kwa Kiingereza inaonyesha umiliki, na mahali inapokaa panasema mwenye mali ni mmoja au wengi. Ikiwa kabla ya “s”, ni mmoja: “Season's Greetings”, salamu za msimu. “Seasons Greetings” bila alama huonekana madukani, na ni kosa.

“Mother's Day” ina historia inayofundisha. Anna Jarvis, Mmarekani aliyeipigania siku hiyo mpaka Rais Woodrow Wilson akaitangaza rasmi mwaka 1914, alisisitiza ritifaa ikae kabla ya “s”, ili kila familia imkumbuke mama yake mmoja na si akina mama kwa jumla. Ni uamuzi wa umoja na wingi uliofanywa kwa makusudi. Linganisha na siku ya walimu ya 5 Oktoba, “World Teachers' Day”, ritifaa nyuma ya “s” kwa sababu walimu ni wengi. Siku ya wanawake ya 8 Machi, “International Women's Day”, inarudi mbele kwa sababu “women” ni wingi tayari, hauhitaji “s” ya kuuongeza. Kwa hiyo “Womens' Day” haiwezekani.

“Happy Holidays” ya Wamarekani ni wingi kwa vile inakusanya sikukuu kadhaa za mwisho wa mwaka. Ukimtakia mtu Krismasi peke yake, “Merry Christmas”, na ile “s” ya mwisho ni ya neno lenyewe.

Kabla ya kulipia keki au bango

Usimsomee mchapaji maneno kwa simu. Mtumie kwa maandishi ayanakili, umwombe akutumie picha kabla ya kuchapa. Kisha hesabu: “congratulations” ina herufi 15. Zikitoka 14, nenda moja kwa moja mwishoni, maana inayokosekana mara nyingi ni “s”. Zikiwa 15 na bado neno linakusumbua jicho, tazama herufi ya 7, ambayo ni “t”. Wengi huweka “d”, wakiandika kama linavyosikika sikioni. Herufi 15 hazienei kwa mstari mmoja juu ya keki ndogo, na mwandishi wa krimu aliyefika ukingoni ataiacha ya mwisho bila kukuuliza. Keki ikiwa ndogo, mwagizie “Congrats”, herufi 8, na umwambie aanze kupima nafasi kuanzia kwenye “s”.